Miwa Niliyoitafuna kwa Ajili ya Damu Yako

Ifakara, Jumapili alasiri, Januari 1959

Mwanangu Filomena,

Salamu za barua nitakuandikia ukishafika huko, tutakapokuwa tumeachana kweli. Sasa hivi umekwenda na mama yako kumuaga shangazi, na upepo ukigeuka pengine nitakusikia unacheka. Nimekaa barazani, karatasi nimeiweka juu ya ungo nilioufudikiza magotini, na yule kuku wako mwekundu ananizunguka akidhani nina mchele. Habari za sanduku, za nauli na za mtu atakayekupokea stesheni Dar es Salaam mama yako amekuambia mpaka umechoka. Mimi sizirudii.

Nakuandikia kwa sababu ya Ijumaa. Ulikuwa unapepeta, ukaacha, ukaniuliza: "Baba, mimi ni mtoto wa nani?" Nikakujibu: "Kachote maji." Ukachukua ndoo ukaenda, na mtungi ulikuwa umejaa hadi shingoni. Uliporudi macho yalikuwa mekundu, nami nikajifanya nashughulika na mpini wa jembe. Najua ulikosikia. Wale wasichana wa kisimani husema kwa sauti wakitaka mtu asikie, na walisema kwamba anayekwenda kusomea uuguzi ni mtoto wa Salum muuza samaki.

Ningekujibu kwa mdomo, lakini unanijua. Mimi jambo likinichoma hasira hufika kabla ya maneno, nikaharibu. Kwenye karatasi nikikasirika naweka kalamu chini, nafukuza kuku, narudi. Kwa hiyo soma polepole ukiwa ndani ya gari, maana nitakueleza yote tangu mwanzo, na mwanzo wenyewe ni mimi na Salum.

Salum alikuja bondeni akiwa kijana, akinunua kambale kwa wavuvi wa mtoni na kuwakausha kwa moshi. Siku moja mtumbwi ulinipindukia mahali penye viboko, na yeye ndiye aliyeniburuta hadi ukingoni kwa ukosi wa shati. Baada ya hapo tukachanjiana. Ninyi watoto wa misheni mnasikia neno hilo mnaona ushenzi, na hata padri hakufurahi, lakini hatukumuuliza. Tulikatwa kidogo kifuani, damu yangu ikapakwa kwenye kipande cha maini ya kuku, na yake kwenye kipande kingine. Yeye akala chenye yangu, mimi nikala chenye yake. Mzee aliyetusimamia akasema tangu leo damu yenu ni moja, na atakayemtupa mwenzake damu hiyo itamgeuka tumboni. Ulipozaliwa wewe ulimkuta anaingia nyumbani kwetu bila kupiga hodi. Ulimwita baba mdogo, akakuletea samaki na kukufundisha kupiga mluzi, jambo ambalo mama yako hajamsamehe mpaka leo.

Ulipokuwa darasa la pili homa ilikukamata wakati wa mvua kubwa. Tulikutibu nyumbani tukidhani itapita. Ulipofumba macho usiitike, nilikubeba mgongoni hadi hospitali ya misheni. Kope zako kwa ndani zilikuwa nyeupe kama ugali, na daktari alitazama mara moja tu akasema malaria imekula damu, mtoto huyu anahitaji damu ya mtu leo hii. Nikakunja mkono wa shati palepale. Nilidhani hakuna la kuuliza, baba yupo, mtoto yupo.

Aliyepima damu pale alikuwa Leonardi, Mpogoro mmoja wa upande wa Mahenge, mpole, anayependa kueleza mambo. Alitudunga vidoleni, mimi na mama yako. Akachukua maji ya damu yako, yale ya njano yanayobaki juu damu ikishatulia, akayaweka matone mawili kwenye kigae cheupe. La kwanza akalitia damu yangu kidogo, la pili ya mama yako. Akakitikisa kigae taratibu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaona kwa macho yangu: damu yangu ilikatika ikafanya mabonge, kama uji uliopikwa na mtu asiyejua. Ya mama yako vilevile.

"Haiwezekani, Baba Filomena," akasema. "Damu ya mtoto inaikataa yako."

"Inaikataa vipi? Mimi si ndiye baba yake?"

"Sisemi habari za ubaba. Nasema ukimpa hii, itagandamana ndani ya mishipa yake, atakufa."

Ndugu wa mama yako walikuwa wamejaa mlangoni na wote walisikia. Nilipata aibu ambayo sijaisahau. Kwetu sisi mtoto ni damu ya baba, hivyo ndivyo tunavyosema tangu zamani, na hapa mtu mwenye koti jeupe anasema mbele ya wakwe zangu kwamba damu ya mwanangu hainitaki. Nikamuuliza Leonardi kwa ukali tofauti ni nini hasa, damu yangu ina uchafu gani. Maskini, akajaribu kunituliza. Akasema: "Haina uchafu. Tofauti ni sukari tu. Damu yako na ya mtoto hazilingani sukari."

Sikungoja aendelee. Nilitoka mbio hadi sokoni, nikanunua mzigo wa miwa, nikakaa chini ya upenu wa duka nikaanza kutafuna. Usicheke, au cheka, lakini nisikilize. Niliwaza hivi: kama kilichopungua ni sukari, miwa ipo, meno ninayo. Nilimenya kwa meno, nikafyonza, nikatema makapi, nikachukua pingili nyingine. Midomo ilichanika, ulimi ukachubuka, na bado nikanywa chai ya mkahawani yenye sukari mpaka mwenye mkahawa akaniuliza kama ninaumwa. Sijapata kufanya kazi kwa bidii kama siku ile, hata kwenye mpunga wangu.

Na wakati mimi natafuna miwa, mama yako alikuwa anatafuta mtu. Hilo ndilo nililojifunza juu ya mama yako na juu yangu, wala halijabadilika. Aliniona nikitoka mbio, akadhani nimekimbia. Hakunilaani, aliniambia baadaye kwamba hakuwa na nafasi ya kunilaani. Alikwenda kwenye banda la samaki akamwambia Salum, "Filomena anakufa, njoo upimwe." Salum aliacha samaki wake bila mtu, paka wakala. Leonardi akatia damu yake kwenye maji ya damu yako, na ikabaki laini, haikufanya bonge hata moja.

Niliporudi, jua limeinama, mkononi nimeshika muwa niliokuwa nimekuwekea wewe, nilimkuta Salum amelala kwenye kitanda cha pembeni ananuka moshi na kambale, na damu yake iko kwenye chupa inashuka kwa mpira hadi mkononi mwako. Rangi ya mashavu yako ilikuwa imeanza kurudi. Nikamwambia Leonardi anipime tena, kwamba sasa niko tayari. Hakuelewa. Sista aliyekuwa pale alitazama midomo yangu na muwa, akaelewa, akacheka. Kisha akaacha kucheka akaniletea maji ya kunawa.

Daktari hakucheka kabisa. Aliniketisha kwenye benchi, na kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika akanieleza mambo ambayo mengine yalikuwa mageni hata kwa Leonardi, kwa sababu alikuwa ameyasoma karibuni katika gazeti la madaktari wa Ulaya. Nami nakueleza nilivyoshika. Huko uendako watakufundisha vizuri zaidi, na ukikuta nimekosea mahali, nisahihishe.

Alisema sukari ya muwa inakwenda tumboni na kuchomwa kama kuni, haifiki ninakotaka. Sukari anayoisema Leonardi mwili huiunda wenyewe, huiunganisha kipande kwa kipande kama shanga kwenye uzi, na kuushikamanisha uzi huo na protini, kitu cha jamii moja na kile kinachofanya ute wa yai ugande ukipikwa. Chembe nyekundu za damu zimejaa nyuzi hizo fupi kwa nje. Hata mate yanazo, kwa watu wengi. Sehemu kubwa ya uzi ni ileile kwangu, kwako, kwa daktari mwenyewe. Tofauti iko kwenye ncha. Mwenye damu ya A ana sukari ya aina moja imeongezwa nchani. Mwenye B ana ya aina nyingine. Mwenye O hakuongezewa yoyote.

Na ndani ya maji ya damu, akasema, kuna walinzi. Mlinzi wa damu hamkagui mtu toka kichwa hadi mguu, hajui jina wala ukoo. Yeye hushika ile ncha tu. Akikuta ncha aliyoizoea, hupita. Akikuta ya kigeni, humkamata mwenye nayo na kumfunga pamoja na wenzake, na ndiyo yale mabonge niliyoyaona. Sukari moja nchani ndiyo inayoamua nani akamatwe, hata kama vingine vyote vinafanana. Mimi ni A. Mama yako ni B. Wewe ni O, kwa hiyo walinzi wako wanatukamata sote wawili. Salum ni O kama wewe.

Unaona basi kwamba Ijumaa wasichana wale walikosea hata katika umbea wao. Wanasema damu yangu ilikukataa. Si kweli. Ni yako iliyonikataa mimi, na mpaka leo inanikataa, nami nimekulisha hivyohivyo.

Nilimuuliza daktari swali ambalo wewe umeniuliza. Nilimuuliza huku mama yako amekaa karibu, maana sikutaka kuuliza nyuma ya mgongo wake: baba wa A na mama wa B wanapataje mtoto asiye na chochote nchani? Akachukua mfano wa mbegu. Kila mtu hupewa mbili, moja kwa baba na moja kwa mama, na yeye akizaa hutoa moja tu. Mtu aliyepewa A na O huonekana A, kwa sababu O haina la kuonyesha, lakini ile O anayo. Mama yako anayo, maana alikuzaa. Mimi je? Hapo akasema hawezi kujua kwa kunitazama.

Jibu lilikuja baada ya mavuno, bibi yako, mama yangu, alipoletwa kutoka Mahenge kutibiwa macho. Bibi ambaye wewe umerithi jina lake. Nilimwomba Leonardi amdunge kidole. Bibi alilalamika sana kwamba amekuja kwa ajili ya macho, vidole vyake vizima. Damu yake ni O. Mama akiwa O hana cha kumpa mtoto wake ila O. Kwa hiyo niliyopewa na bibi yako ndiyo hiyo, nimeibeba maisha yangu yote bila kuonekana, nikakupa wewe pamoja na jina. Leonardi alikuwa mkweli hata siku hiyo. Alisema, "Damu haithibitishi kwamba wewe ni baba yake. Inasema tu kwamba haina pingamizi." Nikamwambia inatosha, hayo mengine nilikuwepo.

Utataka kujua kama nilitia shaka. Nilitia. Kule sokoni katikati ya miwa lilinijia wazo baya, nikatembea nalo hadi mlangoni mwa wodi. Pale nikamwona mama yako amekaa sakafuni, amekushika unyayo, midomo inahesabu rozari bila rozari mkononi. Wazo likaniondoka, halijarudi. Nimemwambia mama yako habari hiyo zamani. Alininunia siku kadhaa kisha akanipikia.

Lakini watu hawakukaa kwenye benchi na daktari. Wao waliona mlangoni: ya baba imekataliwa, ya Salum imekubaliwa. Wakajumlisha. Mimi nilijiona mtu mzima mno kujibu umbea. Nilidhani nikinyamaza watachoka. Hawakuchoka, Filo. Kunyamaza kwangu waliona ni kukubali. Ndipo Salum akaja jioni moja, kwa mara ya kwanza akipiga hodi, akasema, "Ndugu yangu, afadhali nikae mbali kidogo mpaka wanyamaze." Nilipaswa kumwambia ingia, kaa, kula. Nikasema, "Sawa." Neno moja hilo. Akahamishia biashara yake Idete, na wewe ukalia ukiuliza baba mdogo ameudhiwa na nani. Yule mzee wa maini ya kuku alisema damu itamgeuka tumboni amtupaye mwenzake. Sikuugua tumbo, lakini kambale nimewala tangu hapo bila ladha.

Sasa nikuambie jambo moja la kazini, halafu nimalize. Huko watakupima, na wakiona ni O watafurahi, kwa sababu damu yako inaweza kuwafaa wa A na wa B pia. Watakuomba. Na wewe ni mtu wa kutoa, uliwahi kugawa viatu vya Pasaka kabla Pasaka haijafika. Sikukatazi. Ila kumbuka kwamba wewe mwenyewe unaweza kupokea kwa wenye O peke yao. Siku ukilala kitandani, usikubali damu ya mtu kwa sababu anakupenda. Waambie wapime kwanza. Mimi nilikupenda, nilikuwa tayari kutoa yote iliyomo mwilini mwangu, na ingekuua. Na atakapokuja kwako baba mwenye midomo iliyochanika kwa miwa, usimcheke mpaka umemkalisha.

Jana niliaga kwamba nakwenda kutazama majaruba ya mpunga, nikarudi leo mchana, na mama yako amekasirika kwa sababu nimekosa misa siku yako ya mwisho hapa. Sikwenda majarubani. Nilichukua baiskeli nikaenda Idete. Nilimkuta Salum anageuza samaki juu ya uchanja, amezeeka kidogo, kofia ni ileile.

"Mtoto anaondoka Jumatatu," nikamwambia.

"Nimesikia."

"Njoo umuage."

Akageuza samaki wawili watatu kabla hajajibu. "Watu watasema."

"Wameshasema. Hakuna jipya walilobakiza."

Kisha akaniuliza kama bado unapenda kichwa cha kambale au shule imekuharibu. Nikajua atakuja. Tulikula pamoja, nikalala kwake, na tulizungumza mpaka mkewe akatuomba tunyamaze.

Kesho asubuhi gari litasimama pale sokoni, na watu watakuwa wengi, unawajua, hakuna anayeondoka Ifakara bila mashahidi. Wasichana wa kisimani watakuwepo na ndoo zao. Utamkuta Salum amesimama kando yangu na kifurushi cha samaki kitakachonukisha gari hadi Kilosa. Kipokee kwa mikono miwili. Nitakupa barua hii wakati unapanda, kwa hiyo hili moja nitamwambia mama yako akuambie usiku huu: ukifika pale, msalimie Salum kwanza. Sema "Shikamoo, baba mdogo," kwa sauti ile unayoimbia kanisani, wasikie hadi wauza mchicha. Usiharakishe, mwache aitikie, mwache akushike kichwa akuombee kwa dini yake.

Mimi nitangoja zamu yangu. Mimi ndiye baba yako, sina haja ya kuwahi.

Baba